Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Historia Fupi ya Kulinganisha Modeli za Regresheni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba methali hii inawahusu pia wataalamu wa takwimu, hasa wale wanaounda modeli za regresheni ili kueleza kwa nini wanafunzi wengine hufaulu na wengine hushindwa.

Huenda msomaji akauliza: jarida la idara ya Kiswahili lina haja gani na takwimu? Tuna majibu mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wa uzamili wanaochunguza ufundishaji wa lugha hukutana na majedwali ya regresheni katika kazi wanazozisoma, na baadhi yao huyaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Pili, majedwali hayo huamua mambo mazito: kama fedha ziende kwenye vitabu, kwenye mafunzo ya walimu, au zisiende shuleni kabisa. Hapa Uganda Kiswahili kilitajwa na Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kadiri somo linavyoingia madarasani, ndivyo watakavyokuja watafiti kupima ni nini kinachowafanya watoto walijue au wasilijue. Ni vyema tujue mapema jinsi majibu yao yanavyopatikana.

Hoja yetu ni hii: modeli haishindi nyingine kwa sababu tu imeeleza mengi. Hushinda au hushindwa kulingana na masharti ya shindano, na mara nyingi mwenye kuweka masharti ndiye mwamba ngoma. Historia ya karne moja na zaidi, kutoka Uingereza hadi Marekani na hatimaye hapa kwetu, inalithibitisha jambo hilo.

Istilahi kwanza

Regresheni ni mbinu ya kutafuta kanuni inayounganisha jambo moja tunalotaka kulieleza na mambo mengine tunayodhani yanalieleza. Jambo linaloelezwa huitwa kigeu tegemezi, na yale yanayoeleza huitwa vigeu huru. Wasomaji wetu wa isimujamii wamelizoea neno kigeu, kwa hiyo hatutapotea njia. Alama za mtihani wa Kiswahili zaweza kuwa kigeu tegemezi. Idadi ya vitabu darasani, elimu ya mzazi na uzoefu wa mwalimu vikawa vigeu huru. Vigeu huru vikiwa viwili au zaidi, tunasema ni regresheni ya vigeu vingi. Kila kigeu hupewa uzito wake, na kanuni nzima ndiyo inayoitwa modeli. Modeli mbili hushindana pale zinapojaribu kueleza jambo lile lile kwa vigeu visivyofanana.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni R mraba. Hiki ni sehemu ya tofauti za alama ambayo modeli imeweza kuieleza, kuanzia 0 hadi 1. R mraba ikiwa 0.40, modeli imeeleza asilimia 40 ya tofauti zilizopo baina ya wanafunzi, na asilimia 60 imebaki bila maelezo. Tunalisisitiza neno tofauti. R mraba haisemi mtoto amejifunza kiasi gani. Inasema tu kutofautiana kwa watoto kunaandamana na nini. Shule zote zikiwa na walimu wazuri sawasawa, mwalimu hataonekana katika modeli, ijapokuwa bila yeye huenda hata mtoto mmoja asingejua kusoma. Msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Kutoka vimondo hadi maskini wa Uingereza

Hesabu inayobeba regresheni ilianzia angani. Mwaka 1805 Mfaransa Adrien-Marie Legendre, alipokuwa akitafuta njia za nyota zenye mkia, alichapisha mbinu ya miraba midogo: chagua kanuni ambayo makosa yake, yakizidishwa kila moja kwa lenyewe na kujumlishwa, huwa madogo kuliko ya kanuni nyingine yoyote. Mwaka 1809 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alichapisha mbinu hiyo hiyo na kudai kwamba alikuwa akiitumia tangu 1795. Ugomvi wao wa nani alitangulia haukwisha vizuri.

Jina la regresheni lilikuja baadaye. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alilinganisha urefu wa watoto 928 waliokwisha kukua na urefu wa wazazi wao, jozi 205. Aliona kwamba watoto wa wazazi warefu sana walikuwa warefu, lakini kwa wastani hawakuupita wastani wa watu wote kwa kiasi kile kile cha wazazi wao. Vivyo hivyo kwa watoto wa wazazi wafupi. Kule kurejea kuelekea wastani ndiko alikokuita regresheni, na jina likaganda hata pale ambapo hakuna kinachorejea.

Aliyeitoa mbinu hii kwa nyota na kuitia katika siasa za jamii ni George Udny Yule. Uingereza ya wakati wake ilibishana kuhusu maskini. Chini ya Sheria ya Maskini, mhitaji aliweza kusaidiwa ndani ya nyumba ya kazi, mahali pagumu palipokusudiwa kumkatisha mtu tamaa ya kuomba, au kusaidiwa akiwa nyumbani kwake. Wakali walidai kwamba misaada ya nyumbani ndiyo iliyozalisha waombaji. Wengine walisema umaskini huletwa na uzee na mabadiliko ya idadi ya watu. Katika makala yake ya mwaka 1899, Yule aliviweka vigeu hivyo vyote pamoja katika modeli moja, akitumia mabadiliko ya miaka ya 1871 hadi 1881 na ya 1881 hadi 1891 katika wilaya za Uingereza. Aliona kwamba hata baada ya kuzingatia wazee na idadi ya watu, kuongezeka kwa misaada ya nyumbani kuliandamana na kuongezeka kwa waliohesabiwa kuwa maskini.

Je, wakali walikuwa wameshinda? Yule mwenyewe alikuwa mwangalifu. Katika tanbihi aliwaonya wasomaji kwamba pale alipoandika jambo moja limetokana na jingine, wasome kwamba yanaandamana tu. Baadaye mchumi wa Cambridge, A. C. Pigou, aliuliza kuhusu kigeu ambacho hakikuwemo: ubora wa usimamizi. Wilaya yenye wasimamizi hodari ingeweza kupunguza misaada ya nyumbani na wakati huo huo kupunguza umaskini kwa njia nyingine kabisa. Hapo tunapata funzo la kwanza. Modeli inayoshinda imewashinda tu wale walioingia uwanjani. Aliyebaki nje ya uwanja hakushindwa, ila hakuitwa.

Zawadi na adhabu

Katika karne ya 20 wataalamu waliuliza swali la pili. Tukiongeza kigeu kipya, R mraba haipungui kamwe. Hupanda au hubaki ilipo, hata kama kigeu chenyewe ni upuuzi mtupu. Basi tukishindanisha modeli kwa R mraba peke yake, yenye vigeu vingi itaishinda daima ile iliyomo ndani yake. Itakuwa sawa na kumpa zawadi mwanafunzi aliyejaza kurasa nyingi zaidi katika insha.

Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1920 jinsi ya kupima kama nyongeza iliyoletwa na vigeu vipya inazidi ile ambayo ingepatikana kwa bahati tu. Mwaka 1934 Mmarekani George Snedecor alikiita kipimo hicho F kwa heshima ya Fisher. Mwaka 1930 Mordecai Ezekiel, mchumi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake R mraba iliyorekebishwa, ambayo hukata kidogo kwa kila kigeu kinachoongezwa.

Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme tuna wanafunzi 30. Modeli ya kwanza ina vigeu viwili na R mraba yake ni 0.50. Modeli ya pili ina vigeu hivyo viwili pamoja na sita vingine, na R mraba yake ni 0.56. Kwa macho ya haraka ya pili imeshinda. Lakini zikirekebishwa, ya kwanza inapata takriban 0.46 na ya pili 0.39. Kipimo cha F cha vigeu sita vilivyoongezwa hakifiki hata 0.5, ilhali vigeu visivyo na maana yoyote vingetarajiwa kuleta F ya karibu 1. Modeli fupi imeshinda, na kile kilichoonekana kuwa maarifa katika modeli ndefu kilikuwa ni kelele.

Kipimo cha F kinafaa pale ambapo modeli moja imo ndani ya nyingine, kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Je, tufanyeje pale ambapo modeli moja ina vitabu na mwalimu, na nyingine ina kipato na elimu ya mzazi, na hakuna iliyomo ndani ya mwenzake? Jibu moja lilitoka Japani. Katika makala zake za 1973 na 1974, Hirotugu Akaike wa Taasisi ya Hisabati ya Takwimu ya Tokyo alipendekeza kipimo ambacho leo huitwa AIC. Kila modeli hupewa alama kwa jinsi inavyokubaliana na takwimu, kisha hutozwa pointi 2 kwa kila kigeu. Mwaka 1978 Gideon Schwarz alitoa kipimo kikali zaidi, BIC, ambacho adhabu yake hukua kadiri idadi ya watu waliopimwa inavyokua. Katika mfano wetu wa wanafunzi 30, vigeu sita vya ziada vinaleta faida ya takriban pointi 3.8, lakini vinatozwa pointi 12 kwa AIC na zaidi ya pointi 20 kwa BIC. Sharti ni moja na halina msamaha: modeli zote zipimwe kwa wanafunzi wale wale na kwa mtihani ule ule.

Kompyuta zilipoenea, ulizuka mtindo wa kuiachia mashine ichague vigeu yenyewe. Mwaka 1983 David Freedman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliuweka mtindo huo kwenye mizani. Alitengeneza takwimu za bahati nasibu, mistari 100 na vigeu huru 50, visivyohusiana hata kidogo na kigeu tegemezi. Alifanya regresheni, akaondoa vigeu vilivyoonekana dhaifu, akabaki na 15, kisha akairudia regresheni kwa hivyo vilivyobaki. Vigeu 6 kati ya 15 vilitoka vikiwa na muhuri wa asilimia 5 ambao watafiti huuheshimu. Mashine ilikuwa imeona sura mawinguni, na jedwali lilikuwa limeithibitisha.

Ripoti ya Coleman: nani aingie kwanza?

Sasa tuje shuleni. Sheria ya Haki za Raia ya Marekani ya mwaka 1964 iliagiza uchunguzi kuhusu usawa wa elimu. Kazi hiyo iliongozwa na James Coleman wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wanafunzi zaidi ya laki tano na maelfu ya walimu walihusishwa, na ripoti ilitoka Julai 1966. Kipimo kikuu cha ufaulu kilikuwa mtihani wa uwezo wa lugha. Ripoti ilisema kwamba, ukishazingatia familia anayotoka mtoto, shule huongeza maelezo machache tu. Miongoni mwa mambo machache ya mwalimu yaliyoonekana kuwa na uzito ni uwezo wake mwenyewe wa lugha, jambo ambalo sisi walimu wa lugha hatuna budi kulikumbuka.

Wasomaji wengi waliifupisha ripoti hiyo kwa maneno makali zaidi kuliko yaliyomo: kwamba shule si kitu. Kama shule si kitu, kwa nini fedha zitumike kuzikarabati shule za watoto weusi?

Mwaka 1968 wachumi wawili, Samuel Bowles na Henry Levin, waliuliza swali lililoonekana dogo: katika modeli, nani aliingia kwanza? Coleman na wenzake walikuwa wameingiza vigeu vya familia kwanza, kisha vya shule, wakatazama shule imeongeza nini. Tatizo ni kwamba nchini Marekani, kama kwingineko, watoto wa wenye nacho husoma katika shule zenye nacho. Familia na shule vinaandamana.

Tutoe tena mfano wa kubuni. Tuseme familia peke yake inaeleza asilimia 30 ya tofauti za alama, shule peke yake asilimia 25, na zote mbili pamoja asilimia 35. Ukiiingiza familia kwanza, familia inapata 30 na shule inapata 5. Ukiiingiza shule kwanza, shule inapata 25 na familia inapata 10. Takwimu ni zile zile, na modeli ya mwisho ni ile ile. Asilimia 20 ni mali ya shirika, nayo huchukuliwa yote na aliyefika mapema. Hali hii ni kama ya mashahidi wawili waliosimama mahali pamoja na kuona karibu mambo yale yale. Anayeitwa kwanza huonekana kuwa amesema kila kitu, na wa pili huonekana kuwa anarudia tu.

Coleman alikuwa na hoja ya kuutetea mpangilio wake: mtoto huzaliwa katika familia kabla ya kwenda shule. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini hiyo ni hoja kuhusu maisha. Hesabu haikuitoa na haiwezi kuithibitisha. Hapo tunapata funzo la pili: masharti ya shindano huletwa na binadamu, naye hana budi kuyatetea hadharani.

Uganda yajibu

Miaka michache baadaye swali hilo lilifika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Stephen Heyneman, Mmarekani aliyekuwa akisomea Chuo Kikuu cha Chicago, alikusanya takwimu za shule za msingi nchini Uganda. Mwaka 1976 alichapisha makala akiyalinganisha matokeo ya Uganda na yale ya nchi zenye viwanda. Picha ilikuwa imegeuka. Hali ya uchumi na elimu ya familia ilikuwa na uhusiano dhaifu na ufaulu wa mwanafunzi wa Uganda, nayo shule ilikuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko ilivyoonekana Marekani. Mwaka 1980, akiwa na Dean Jamison, alirudi kwenye takwimu za Uganda na kuonyesha kwamba upatikanaji wa vitabu vya kiada uliandamana na alama bora. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walichapisha uchunguzi wa nchi 29, tajiri na maskini. Walihitimisha kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na wa mwalimu ulivyozidi kuwa na uzito katika ufaulu.

Athari yake si ya kubezwa. Kwa serikali iliyoambiwa kwamba shule si kitu, kununua vitabu ni kumwaga maji mchangani. Kwa serikali iliyoambiwa kwamba shule ndiyo nguzo ya mtoto wa maskini, kutonunua vitabu ni dhuluma.

Tulirudie lile neno tofauti. Maelezo mojawapo ya mgongano baina ya Coleman na Heyneman ni kwamba shule za Marekani, pamoja na ubaguzi wake wote, nyingi zilikuwa na mwalimu, paa na vitabu. Hapa kwetu shule moja iliweza kuwa na vitabu na nyingine ikawa na ubao tu. Mahali ambapo shule zinatofautiana sana, shule huonekana sana katika modeli.

Lipo jambo jingine ambalo mwenye kupenda matokeo ya 1976 hana budi kulikubali. Waliopimwa ni watoto waliokuwa shuleni. Wakati huo watoto wengi wa Uganda hawakuwa darasani kabisa, na umaskini wa familia ulikuwa miongoni mwa sababu. Umaskini uliokwisha kumzuia mtoto mlangoni hauwezi kuonekana katika alama za mtihani alioukosa. Familia ilikuwa imefanya kazi yake kabla mtafiti hajafika na daftari lake. Hatusemi kwamba Heyneman alikosea. Tunasema kwamba modeli yake ilijibu swali kuhusu waliomo, na haikuulizwa kuhusu waliobaki nje.

Shindano halijafungwa

Mwaka 1989 Abby Riddell alizikosoa tafiti za aina hii kwa hoja nyingine. Wanafunzi hukaa katika madarasa, na madarasa hukaa katika shule. Regresheni ya kawaida humchukulia kila mwanafunzi kama ushahidi unaojitegemea. Lakini wanafunzi 40 wa darasa moja si ushahidi 40 kuhusu mwalimu wao. Kwa swali la mwalimu huyo wao ni ushahidi mmoja. Alishauri zitumike modeli za ngazi, zinazotenganisha tofauti zilizomo ndani ya shule na zile zilizopo baina ya shule. Heyneman alijibu mwaka huo huo, na mjadala ukaendelea.

Mwaka 2002 David Baker, Brian Goesling na Gerald LeTendre walitumia takwimu za kimataifa za hisabati na sayansi zilizokusanywa katikati ya miaka ya 1990. Mtindo ule wa nchi maskini kuitegemea shule zaidi haukuonekana tena kwa nguvu ile ya zamani. Familia ilikuwa na uzito hata katika nchi maskini. Walipendekeza kwamba kuenea kwa elimu ya umma huenda kumezifanya shule zikaribiane kwa mahitaji ya msingi, na hivyo tofauti za nyumbani zikajitokeza. Uganda haikuwemo katika uchunguzi huo, kwa hiyo tusiubebe mzimamzima hadi kwetu. Hata hivyo, unatufikirisha. Tangu mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1997, madarasa yetu yamejaa watoto wa kila aina ya nyumba, wakiwemo wale ambao mwaka 1972 wangebaki nje. Modeli iliyoshinda enzi ile haina haki ya kushinda leo bila kupimwa upya.

Kwetu sisi kuna kigeu kingine cha kuangaliwa: lugha. Katika uchunguzi wa SACMEQ wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, wanafunzi wa Tanzania Bara walifanya mtihani wa kusoma kwa Kiswahili, ilhali wa Uganda waliufanya kwa Kiingereza. Mtafiti anayelinganisha nchi hizi mbili, akahesabu vitabu, walimu na vipato na kuisahau lugha ya mtihani, amemwacha nje mchezaji ambaye huenda ndiye aliyefunga mabao. Ni kosa lile lile ambalo Pigou alimwonyesha Yule.

Funzo kwa mwalimu na mwanafunzi wa lugha

Kutokana na historia hii, tunapendekeza msomaji wa majedwali ajiulize maswali yafuatayo:

(i) Je, modeli zinazolinganishwa zimepimwa kwa wanafunzi wale wale na kwa mtihani ule ule? Kama sivyo, R mraba zao hazina uwanja mmoja.

(ii) Je, modeli yenye vigeu vingi imetozwa adhabu ya wingi huo? Tafuta R mraba iliyorekebishwa, F, AIC au BIC.

(iii) Je, vigeu viliingia kwa mpangilio gani, na kwa hoja gani? Kama mpangilio ukigeuzwa hitimisho nalo hugeuka, mwandishi anapaswa kusema hivyo waziwazi.

(iv) Je, vigeu vilichaguliwa kabla ya takwimu kuonekana, au mashine ilivuta sura kutoka mawinguni? Modeli iliyochaguliwa kwa kundi moja ijaribiwe kwa kundi jingine.

(v) Je, wanafunzi wamehesabiwa wakiwa ndani ya madarasa yao?

(vi) Je, ni nani au ni nini kilichoachwa nje?

Maswali haya hayahitaji mtu awe mwanahisabati. Mwalimu wa fasihi anayemuuliza mwanafunzi wake ni nani anayesimulia na ni nani ambaye hakupewa sauti katika riwaya tayari ana nusu ya ujuzi unaohitajika.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kulinganisha modeli za regresheni kulianza na Yule, kukapata kanuni zake kwa Fisher, Ezekiel, Akaike na Schwarz, na kukaingia kwenye uhai wa shule kwa Coleman na Heyneman. Kanuni hizo zimesaidia sana kuondoa kelele. Hata hivyo, hakuna kanuni kati ya hizo inayoweza kumwambia mtafiti kigeu gani aliache nje, au nani amwingize kwanza.

Muda si mrefu utafiti kuhusu ufundishaji wa Kiswahili katika shule zetu utaleta majedwali yake. Baadhi yatasema mtoto hawezi kukijua Kiswahili kwa sababu nyumbani kwao hakizungumzwi. Mengine yatasema tatizo ni uhaba wa walimu na vitabu. Kwa kuwa shule zenye walimu wa Kiswahili zinaweza kuwa ndizo zilizo karibu na watu wanaokizungumza, mambo haya mawili yataandamana, na mali ya shirika itagombaniwa kama ilivyogombaniwa mwaka 1966. Ni matumaini yetu kwamba walimu na wanafunzi wa idara hii watakuwemo miongoni mwa wale wanaounda modeli hizo, na kwamba watakapozisoma za wengine, wataanza kwa kuuliza ngoma imewambwa na nani na amesimama upande gani.